Nabongo Muhammad Mumia na Bunduki za Zama Zake

Twaendelea na desturi yetu ya kuwaeleza ndugu zetu khabari za watu waliotutangulia. Safari hii tumemchagua mtu ambaye jina lake limebaki katika ramani, walakini wachache mno katika watu wa Pwani wayajua maisha yake. Huyu ni Nabongo Mumia bin Shiundu, mfalme wa Wawanga, aliyesilimu akaitwa Muhammad, na ambaye mji wa Mumias umeitwa kwa jina lake.

Lililotuvuta kumwandika ni suali. Ndugu zetu waliopanda Bara kwa biashara na kwa kazi, wakakaa Bungoma na Kitale, kila warudipo huuliza suali moja: imekuwaje nchi ile, ambayo misafara ya Waswahili iliifika kabla ya padri wa kwanza, ikawa Waislamu wake ni kidogo namna ile, na kila kilima kina kanisa na skuli ya kanisa? Wengine husema ni kudura, wakanyamaza. Sisi twaona kwamba jawabu, au sehemu kubwa ya jawabu, imo ndani ya maisha ya mtu huyu mmoja, na kwamba imefungamana na bunduki: ile tuliyompelekea sisi, na ile iliyokuja baadaye ambayo yeye hakuweza kuinunua wala sisi hatukuweza kumuuzia.

Mumia alizaliwa kiasi cha mwaka 1849 katika nchi ya Wanga, karibu na mto Nzoia. Makabila mengine ya Waluhya hayakuwa na mfalme. Kila ukoo ulikuwa na wazee wake na mambo yao yakaishia hapo. Wawanga peke yao walikuwa na ufalme wa kurithiana, na mwenye kiti hicho huitwa Nabongo. Baba yake, Shiundu, alitawala miaka mingi yenye vita vingi. Katika jirani zake wa upande wa kaskazini na mashariki, wenye nguvu kupita wote walikuwa ni Wabukusu, ambao watu wa misafara waliwaita Kitosh. Hawa walienea kutoka matako ya mlima Elgon mpaka pande za Webuye, yaani nchi ambayo leo ni Bungoma, na mifugo yao ikifika kwenye nyanda za malisho zielekeazo Kitale, wakigombania na Wasabaot na Wamaasai.

Wabukusu hawakuwa watu wa kuchezewa. Walikaa ndani ya vijiji vilivyozungukwa na ukuta mnene wa udongo na handaki kwa nje, na mlango mmoja mwembamba ambao mtu huuingia kwa kuinama. Kijiji kama hicho wao hukiita lukoba, na vikiwa vingi ni chingoba. Mshale haupiti ukuta ule, mkuki haupiti, na mwenye kuinama mlangoni huikabidhi shingo yake kwa aliye ndani. Shiundu alipowaona jirani zake wamemzidi, aliwatumia mashujaa wa Kimaasai waliokimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Uasin Gishu, akawapa mahali pa kukaa, nao wakampigania. Hivi ndivyo Mumia alivyokulia: aliona kwa macho yake kwamba mfalme asiyeweza kushinda kwa watu wake hushinda kwa wageni. Somo hilo hakulisahau mpaka kufa kwake.

Katika miaka hiyo ndipo misafara ya Pwani ilipofika. Ilitoka Mombasa, na zaidi Pangani, ikapita nchi ya Wamaasai hadi Baringo, ambako watu walipumzika na kununua chakula, kisha ikakata nyanda za Uasin Gishu. Wengine waliteremka kwa Wawanga, wengine wakashika njia ya Elgon na kuendelea kaskazini kutafuta pembe. Mashuhuri kuliko wote katika wakuu wa misafara ile alikuwa Jumbe Kimameta wa Pangani, ambaye Wazungu wenyewe hawakuthubutu kuzikata njia zile bila ya kumfuata. Kitale ya leo imejengwa katika upande huo wa njia za misafara. Wenyeji wa mji huo huonyesha duara la mawe, wakasimulia kwamba hapo ndipo watumwa walipozuiliwa wakati msafara umepumzika. Khabari hizi si tamu masikioni mwetu. Walakini hatuandiki tarehe ili tujipendeze. Babu zetu walikwenda kule kutafuta pembe, na baadhi yao walinunua watu, na baadhi yao waliwashambulia Wabukusu wakateka ng'ombe na watoto.

Mzigo uliokuwa na thamani kuliko nguo na shanga ulikuwa ni bunduki. Inafaa tueleze ilikuwa bunduki ya namna gani, maana vijana wetu wakisikia bunduki hudhani zote ni moja. Silaha ya misafara kwa zaidi ilikuwa gobori. Mwenye gobori humimina baruti kwa mdomo wa mtutu, akatia kitambaa, akatia risasi au marisaa, akashindilia kwa mdeki, kisha akaweka fataki, ndipo akaelekeza na kupiga. Aliyezoea, na mkono wake umetulia, huweza kupiga mara mbili kwa dakika. Mwenye khofu hupiga mara moja, na pengine akausahau mdeki ndani ya mtutu ukaondoka na risasi. Mvua ikinyesha baruti hulowa, na vita vimekwisha. Juu ya hayo yote, chombo hiki kizito kilitosha kuzigeuza mizani katika nchi ambayo watu walikuwa na mikuki. Watu thelathini wenye magobori, wakipiga kwa zamu, waliweza kuwatawanya mamia, na zaidi kwa kishindo na moshi kuliko kwa mauti.

Shiundu alipokufa mwaka 1882, Mumia alikalia kiti akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Riwaya iliyoenea kwa Waislamu wa huko ni kwamba katika moja ya vita vyake Waswahili walimsaidia kwa bunduki zao akawashinda adui zake, na kwa ajili ya wema huo, siku moja ya Idi, alitamka shahada yeye na jamaa zake na wakubwa wa baraza yake. Masimulizi huiweka siku hiyo kabla ya mwaka 1885. Akaitwa Muhammad, akavaa kanzu, na nyumba yake ikawa mlango wa Uislamu katika nchi yote ile ya magharibi.

Hapa twataka tuseme neno letu. Hatumdhanii vibaya mtu aliyesilimu baada ya kushinda vita. Mwenyezi Mungu humwongoa mja kwa sababu aitakayo, na katika masahaba wako waliosilimu siku ya kutekwa Makka, na baadaye Uislamu wao ukawa mzuri. Lawama yetu ni juu ya wale waliompa shahada wakamwacha hapo hapo. Aliyesilimishwa ana haki ya kufundishwa, naye alifundishwa na nani? Wachukuzi na wafanyabiashara, ambao wengi wao elimu yao haikupita Alhamdu na sura mbili tatu, na ambao mganga wa msafara alikuwa akisikilizwa kuliko mwalimu. Walimuuzia bunduki na hirizi kwa mkono mmoja. Mumia aliendelea kuwa na wake wengi kupita idadi ya sharia, na mila za kiti cha ufalme zikaendelea kama zilivyokuwa. Kanzu ilikuwa juu, na ya ndani hayakuguswa. Wageni waliojenga mitaa yao katika mji wake walijua bei ya pembe katika soko la Unguja, lakini hawakuona kwamba chuo cha kumsomesha mtoto wa Kiwanga ni biashara inayowahusu.

Wakati gobori likimpandisha Mumia, huko duniani gobori lilikuwa limekwisha kufa, wala yeye hakuwa na njia ya kulijua hilo. Katika vita vya ndani vya Marekani, miaka ya 1861 hadi 1865, zilitokea bunduki za kupiga risasi nyingi bila ya kujaza upya. Mtu huvuta wenzo chini na juu, na risasi ya pili imekwisha ingia. Baada yake ikaja Winchester. Kisha Mmarekani mmoja, jina lake Hiram Maxim, alihamia London, na mwaka 1884 akaidhihirisha silaha aliyoibuni: kile kishindo cha risasi kinachompiga bega mpiga bunduki, yeye alikitumia kusukuma chuma nyuma, kikatoa ganda tupu na kuingiza risasi mpya, na kikapiga tena, maadamu kidole kimekaza. Bombom hiyo ilipiga kiasi cha risasi 600 kwa dakika. Tukirudi kwenye hesabu yetu ya magobori, chombo kimoja kilikuwa sawa na watu 300 hodari, wasiochoka na wasioogopa.

Watu wa Pwani waliiona silaha hiyo mapema. Mwezi wa Februari 1887 Stanley aliondoka Unguja kwa meli ya Madura kwenda kumwokoa Emin Pasha, na pamoja naye alikuwamo Hamed bin Muhammad, yaani Tippu Tip. Katika shehena ya safari ile mlikuwa na bunduki za Remington 510, za Winchester 50, na Maxim moja. Tippu Tip, aliyejenga ufalme wake wa Manyema kwa magobori, alisafiri na chombo ambacho kilikuwa kinatangaza mwisho wa zama zake.

Na ili mambo yasirudi nyuma, mwezi wa Julai 1890 mataifa ya Ulaya yaliandikiana mkataba katika mji wa Brussels. Sifa yake kubwa ilikuwa ni kukataza biashara ya watumwa, na jambo hilo sisi hatuwezi kulilaumu. Lakini ndani ya mkataba huo huo mlikuwa na vifungu vya silaha: katika sehemu kubwa ya Afrika, kutoka digrii 20 kaskazini mpaka digrii 22 kusini, bunduki mpya za mistari ndani ya mtutu, na risasi zake, zisiuzwe kwa wenyeji. Kilichoachwa kiuzwe, kwa masharti, ni gumegume na baruti ya kawaida. Basi yafahamuni vizuri maana yake. Ulaya iliweka bombom kwa ajili yake, ikamwachia Mwafrika na Mwarabu gumegume, na jambo hilo likawa sharia.

Twarudi kwa Mumia. Mzungu wa kwanza kumfikia alikuwa Joseph Thomson, mwisho wa mwaka 1883, aliyekuja pamoja na msafara wa Jumbe Kimameta. Akaukuta mji ungali unaitwa Kwa Shiundu, akapokewa vizuri. Mwaka 1885 akapita Askofu Hannington; yeye aliacha sehemu kubwa ya msafara wake kwa Mumia pamoja na padri William Jones, akaendelea na watu hamsini, akauawa Busoga kwa amri ya Mwanga wa Buganda. Kisha wakaja Jackson wa Kampuni ya Kiingereza na Peters Mjerumani, mmoja nyuma ya mwenziwe. Wote Mumia aliwapokea, akawapa chakula na mahali. Wako waandishi waliomwita kibaraka kwa ajili hiyo. Sisi twaona alifanya alivyofanya baba yake kwa Wamaasai, na alivyofanya yeye mwenyewe kwa Waswahili: mgeni mwenye silaha ni afadhali awe kwako kuliko awe kwa jirani yako. Kosa lake, kama ni kosa, ni kudhani kwamba mgeni huyu mpya ni wa namna moja na wale wa kwanza, ambao walikuja, wakauza, na wakaondoka.

Mwaka 1894 serikali ya Uganda iliweka kituo chake katika mji wa Mumia, kikasimamiwa na Mwingereza aitwaye Spire. Nchi yote ile wakati huo ilihesabiwa kuwa ni Uganda. Haukupita muda fitina ikazuka na Wabukusu juu ya bunduki. Silaha za wageni zilikuwa zimewafikia, baadhi kwa biashara na baadhi kwa watu waliotoroka nazo, nao hawakuona sababu ya kuzirudisha. Spire akapeleka kikosi cha askari wa Kisudani, kiasi cha 25, kwenda kuzidai. Wabukusu wakawaua, na bunduki zao nazo zikaongezeka juu ya zile za kwanza. Kwa Wabukusu ulikuwa ushindi mkubwa: walikwisha jua kwamba mtu mwenye bunduki hufa kama mtu mwingine.

Mwaka 1895 Charles Hobley alifika kuwa mkuu wa kituo, na katika mwaka huo kikakusanywa kisasi. William Grant alikuja kutoka upande wa Uganda na askari wa Kisudani. Wakaongezwa Waganda, wakaongezwa Wamaasai, na Mumia akatoa watu wake wa Kiwanga. Walikuwa na bunduki za kujaza kwa nyuma, ambazo hata zikiwa za risasi moja moja zilipiga mara nyingi kuliko gobori, tena kutoka mbali na kwa shabaha. Na juu ya hizo walikuwa na silaha ya Hotchkiss, iliyoitwa kwa jina la Mmarekani mwingine aliyekuwa na karakana yake Ufaransa.

Vita vilipigwa mahali pawili. Kwanza Lumboka, ambako Wabukusu walijifungia ndani ya boma lao wakapigana kwa ukali mkubwa, mpaka boma likavunjwa. Walionusurika na wenzao wengine wakakimbilia Chetambe, kilima kilicho juu ya mji wa leo wa Webuye, mahali pa juu palipochimbwa handaki na kuinuliwa ukuta, ambapo mtu huona nchi yote chini yake. Kwa vita vya mikuki hapakuwa na ngome bora kuliko ile. Lakini hekima yote ya lukoba ilikuwa ni kumlazimisha adui akaribie, na adui huyu hakuwa na haja ya kukaribia mpaka awe amekwisha ua. Watu walio pamoja ndani ya ukuta mmoja, ambao zamani kukusanyika kwao ndiko kulikowaokoa, sasa walikuwa shabaha moja kubwa. Wazee wa Kibukusu wamerithishana khabari za siku ile hata leo, na jina la Chetambe kwao ni jina la msiba. Walioanguka hawakuwa wapiganaji peke yao. Ng'ombe wakatekwa, na walioshinda wakagawana.

Tusisahau ni nani waliokuwa mbele ya mashambulio yale. Wasudani walikuwa Waislamu. Mumia alikuwa Mwislamu. Kwa Mbukusu aliyekuwa juu ya Chetambe, watu waliofika kwanza wakinunua watoto walikuwa Waislamu, na watu walioupanda ukuta wake wakiwa na bunduki za Waingereza walikuwa Waislamu pia. Ndugu yetu aulizaye kwa nini Bungoma haikusilimu na aifikirie sura hiyo kidogo.

Na tusidhani kwamba Pwani ilikuwa katika hali nyingine. Katika mwaka ule ule wa 1895, mwezi wa Agosti, wanamaji wa Kiingereza chini ya Admeri Rawson waliivunja ngome ya Mwele ya Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, nyuma ya Mombasa. Mwele nayo ilikuwa mahali pa kutegemewa, ndani ya msitu, na Sheikh Mbaruk alikuwa ameshinda na kuponyoka mara nyingi katika maisha yake. Mwaka uliofuata, baada ya askari wa Kibaluchi kuletwa kutoka Bara Hindi, alivuka kwa Wajerumani akajisalimisha. Kilima cha Chetambe na msitu wa Mwele, watu wake hawakujuana hata kwa jina, wakavunjwa katika mwaka mmoja kwa hesabu ile ile ya risasi. Miaka mitatu baadaye, tarehe 2 Septemba 1898, huko Omdurman katika Sudani, zaidi ya Waislamu 10,000 waliuawa katika asubuhi moja, na upande wa pili hawakufa hata hamsini. Hawakukosa ushujaa, na wengi wao walikuwa wamehifadhi Qur'ani. Sura ya Anfali imetuamrisha tujiandae kwa nguvu tuziwezazo, na mafundi wetu kwa karne nyingi walikuwa wakichora aya juu ya mitutu badala ya kuuliza mtutu hutengenezwaje.

Kwa Mumia mwenyewe ushindi wa Chetambe ulileta miaka ya utukufu. Adui mkubwa wa baba yake amevunjika, na yeye hakupoteza kitu. Hobley alikaa katika mji wake, akamtumia kuitawala nchi, na ndugu zake Mumia wakapelekwa kuwa wakubwa katika nchi ambazo Wanga haikupata kuzitawala kamwe. Ndugu yake kwa baba, Murunga, aliwekwa juu ya Wabukusu wa kaskazini, huko Kimilili. Mulama akawekwa Marama. Mwaka 1909 Waingereza wakamtangaza Mumia kuwa Chifu Mkuu. Ukiitazama ramani utasema hakuna Nabongo aliyepata kuwa mkubwa kama yeye.

Lakini bunduki iliyomkuza haikuwa yake. Zamani aliweza kumfukuza mkuu wa msafara akamkaribisha mwingine, na gobori alilinunua likakaa nyumbani mwake. Bombom haikuuzwa. Iliwekwa katika kituo, chini ya amri ya afisa, na afisa huyo huyo ndiye aliyeamua nani apigwe na nani asipigwe. Mfalme asiyeweza kupigana ila kwa idhini ni karani wa kodi. Na kweli kazi kubwa ya wakubwa wa Mumia ikawa ni kukusanya kodi ya nyumba na kutoa watu wa kazi, na chuki yote ya kodi ikawaangukia wao. Mwaka 1902 nchi yake ilitolewa Uganda ikatiwa katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya, kwa mstari uliopigwa juu ya karatasi. Reli ilikuwa imekwisha fika Kisumu mwisho wa mwaka 1901, ikaupita mji wake kwa mbali, na njia ya misafara iliyomtajirisha ikaota majani. Mwaka 1920 makao ya serikali yakahamishwa kwenda Kakamega. Mwaka 1926 akastaafishwa. Na katika mwaka huo huo wa 1926 reli ya tawi ilifika Kitale, kwa ajili ya masetla wa Kizungu ambao walikuwa wamekwisha kugawana mashamba ya Trans Nzoia. Na katika waliokuwa wakilima mashamba yale kwa mshahara ni Wabukusu, watoto wa watu wa Chetambe.

Na dini? Mwaka 1902 Wamarekani wa madhehebu ya Wakwekari walianza kazi yao Kaimosi. Hawakuja na msafara wa pembe. Walianza na msumeno, na shule, na dawa, wakajifunza lugha za wenyeji na kuwaandikia vitabu kwa lugha hizo; kisha wakaenea mpaka Lugulu, katikati ya Wabukusu. Waswahili walikuwa wamewatangulia kufika Wanga kwa muda wa miaka ishirini na zaidi, na kwa mfalme Mwislamu aliyewafungulia mlango. Twaandika hesabu hiyo kama ilivyo, na kila msomaji aipige mwenyewe. Misikiti ilijengwa Mumias, na Uislamu ukatoka hapo ukafika Kakamega, na Kisumu, na masoko ya Bungoma. Walakini ulikwenda kama ulivyoingia, katika maduka na kando ya barabara, ukawa dini ya mtaa wa Waswahili katika kila mji. Mtoto wa mkulima wa kijijini aliyetaka kujua kusoma alikwenda alikofunguliwa skuli.

Wabukusu hawakuisahau Chetambe. Mwaka 1943 hivi Elijah Masinde alianzisha Dini ya Msambwa, akiwakataza watu wake dini za kigeni zote na kuwaambia warudie mila za wahenga, na wageni waondoke. Mwaka 1947 aliwaongoza wafuasi wake wakaenda Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895, miaka hamsini na miwili baada ya vita. Tarehe 10 Februari 1948 mkutano wa wafuasi hao huko Malakisi ulipigwa risasi na polisi, na watu 11 wakafa. Sisi hatukubaliani na itikadi ya Msambwa hata chembe. Lakini mtu aliyeambiwa na babu yake kwamba wageni wa kila dini walikuja na bunduki, haikuwa vigumu kumshawishi.

Mumia aliyaishi yote hayo. Alikuwa mzee sana, amekaa katika mji wake bila ya madaraka, huku serikali ikimheshimu kwa maneno, na Wabukusu wakiwakataa machifu wa Kiwanga aliowapa nguvu. Katika uhai wake mmoja aliona vita vya mikuki na ngao, akaona gobori la Pangani, akaona Hotchkiss ikipandishwa kilimani, na akaishi hata zikapita vita mbili kuu za dunia, ambazo vijana wa nchi yake walipelekwa kuwa wachukuzi na askari. Alifariki tarehe 24 Aprili 1949, miezi kumi na minne baada ya Malakisi, akiwa na umri wa karibu miaka mia. Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe, na atusamehe sisi tuliompa shahada kwa haraka na tukaichelewesha elimu.

Handaki la Chetambe lingali laonekana juu ya Webuye, limeota majani, na magari ya Malaba hupita chini yake usiku na mchana. Mumias nako adhana husikika mara tano kwa siku.